Naomba ushauri: njia nafuu ya kuandaa makadirio ya kodi ya mapato kwa mwenye duka dogo, Tanga mjini

Mama Bitana, Ngamiani (Februari 2024)

Assalamu alaikum, na kwa wengine habari za jioni. Ninaomba ushauri wenu kuhusu kodi ya mapato ya duka langu dogo hapa Ngamiani, ambako nauza nyuzi, zipu, vifungo, bitana na vifaa vingine vya mafundi cherehani. Namba ya mlipakodi ninayo, leseni ninayo, na kila mwanzo wa mwaka hukadiriwa kodi kama wafanyabiashara wenzangu. Kinachonisumbua ni gharama inayoongezeka juu ya kodi yenyewe. Yupo bwana anayepita madukani kuwafuatilia watu makadirio yao, na mwaka huu ametutajia ujira wa shilingi 150,000 kwa kila duka. Mauzo yangu ya mwaka jana, kwa mujibu wa daftari ninaloandika kila jioni, yalifika kama milioni 9, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilirudi kununua mzigo.

Je, sheria inanilazimisha kumtumia mtu wa kati? Kama naweza kwenda mwenyewe, nibebe nini? Mume wangu ni mwajiriwa na hana biashara yoyote, naye anauliza kama anapaswa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka kwa ajili ya kodi. Ningependa jambo hili liishe kabla ya Ramadhani, kwa sababu kuelekea Idi mafundi hawatoki dukani kwangu na siwezi kufunga hata nusu siku.

Mzee wa Chumbageni

Waalaikum salaam, mwanangu. Hakuna sheria inayokulazimisha kumlipa mtu wa kati. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, kukadiriwa ni bure, na maofisa wa elimu kwa mlipakodi wapo kwa ajili ya kuwaeleza watu kama wewe bila malipo. Ukitaka kuuliza kabla ya kutoka nyumbani, TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, wana simu ya bure, 0800 750 075. Mimi huenda ofisini kwao mwenyewe asubuhi, nikiwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, namba ya mlipakodi, leseni, stakabadhi za kodi ya mwaka uliopita na daftari la mauzo. Ukishakubaliana na makadirio unapewa kumbukumbu namba, unalipia benki au kwa simu, na fedha yako haipiti mkononi mwa mtu yeyote. Hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kwa vijana wote wa soko la Mgandini: usimkabidhi mtu fedha taslimu ya kodi, hata kama ni jirani yako wa miaka mingi.

Mhasibu wa Raskazone

Dada, nakushukuru kwa kutaja daftari, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo nafuu unayoitafuta. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ghafi hayazidi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa utaratibu wa makadirio unaoangalia mauzo, na katika ngazi za chini sheria inamtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kitu. Yakizidi milioni 4 hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Yakizidi milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7.

Tuchukue milioni 9 zako. Ukifika bila daftari, kodi ni 250,000. Ukifika na daftari linaloeleweka, kodi ni 90,000 na asilimia 3 ya milioni 2, ambayo ni 60,000, jumla 150,000. Uandishi wako wa kila jioni umekupunguzia shilingi 100,000, na yule bwana anataka 150,000 kwa kazi ambayo daftari limekwisha kuifanya. Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu naona wajane na vijana wanaoanza biashara wakilipa ujira unaolingana na kodi yenyewe, ilhali walichokosa ni mtu wa kuwaeleza ngazi hizi tatu.

Daftari nalo liwe daftari kweli: tarehe, mauzo ya siku, manunuzi ya mzigo na jumla ya kila mwezi, pamoja na risiti za wauzaji wa jumla zilizobandikwa au kutunzwa kwa mpangilio. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, kwa hiyo la mwaka jana usilitupe baada ya makadirio. Uangalie pia mauzo yako yanavyopanda, maana yakifika milioni 11 utatakiwa kuwa na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kielektroniki, na hesabu zote hizi zitabadilika.

Kuhusu shemeji yetu: mtu ambaye mapato yake yote ni mshahara unaokatwa kodi na mwajiri hana haja ya kuwasilisha ritani. Atunze hati zake za mishahara, basi.

Mama Bitana

Ahsante sana, kaka, na shikamoo mzee wangu. Nimerudia hesabu hiyo kwa kalamu na imekuja vilevile. Lakini kuna jambo linanitatiza: mbona kodi inatazama mauzo wakati faida yangu ni ndogo? Zipu moja inanipa faida isiyofika hata shilingi mia mbili.

Mhasibu wa Raskazone

Swali lako ni la haki kabisa. Utaratibu wa makadirio umewekwa kumrahisishia mtu asiye na mahesabu kamili, na gharama ya urahisi huo ni kwamba manunuzi hayapunguzwi. Sheria inakuruhusu kuchagua kutoka katika utaratibu huo na kutozwa kwa faida, kwa viwango vya mtu binafsi, ambavyo haviitozi shilingi 3,240,000 za kwanza za mwaka. Duka ambalo faida yake halisi iko chini ya kiasi hicho lisingekuwa na kodi ya mapato ya kulipa.

Hata hivyo, usikimbilie huko kabla ya kupima. Utahitaji mahesabu kamili, ritani ya mwaka, na risiti halali za EFD kwa gharama unazotaka zikubaliwe, ilhali wauzaji wa jumla wengi tunawajua jinsi wanavyotoa risiti kwa kusuasua. Ukimlipa mhasibu kuandaa yote hayo, ile 150,000 ya ujira uliyookoa itatoka kwa mlango wa nyuma. Ushauri wangu ni kwamba mwaka huu ubaki kwenye makadirio, udai risiti kwa kila mzigo unaonunua, na mwakani ulinganishe njia hizo mbili ukiwa na karatasi mkononi.

Binti Makorora

Naongeza jambo moja la kalenda. Tarehe ya mwisho ya makadirio ni 31 Machi, na mwaka huu siku hiyo ni Jumapili ya Pasaka, inayotanguliwa na Ijumaa Kuu. Ramadhani nayo inatarajiwa kuanza kabla ya katikati ya Machi. Dada, nenda mwezi huu huu wa Februari.

Muuguzi wa Korogwe

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, kwa kuwa hali yangu inakaribiana na ya Mama Bitana. Nimeajiriwa, na jioni ninaendesha duka la vinywaji na vyakula vikavu. Je, na mimi naingia katika ngazi hizo za mauzo?

Mhasibu wa Raskazone

Ndugu Muuguzi, hapo ndipo ninapomshauri mtu alipie utaalamu. Ngazi hizo zimekusudiwa kwa mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Mwenye mshahara na duka hujumlisha mapato yake, huwasilisha ritani kamili ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha, yaani kabla ya Juni 30 kupita, na kodi aliyokwisha kukatwa na mwajiri hupunguzwa katika hesabu ya mwisho. Ukichelewa, faini huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na riba hufuata juu yake.

Tafuta mtu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na anayetambuliwa na TRA kuwa mshauri wa kodi, mwombe akuonyeshe uthibitisho, na mpatane bei kwa maandishi kabla hajaanza. Ukimpelekea mahesabu yaliyopangwa badala ya mfuko wa risiti zilizochanganyika, kazi yake hupungua na una haki ya kudai bei ndogo. Nywila ya akaunti yako ya mlipakodi ibaki kwako. Kwa anayetaka kujifunza kuandika mahesabu, SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, wana ofisi hapa Tanga na huendesha mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Nawasihi muulize ratiba yao.

Mama Bitana

Nimeamua kwenda mwenyewe wiki ijayo, na mdogo wangu atanishikia duka. Swali la mwisho: nikikadiriwa 150,000, kisha baada ya Idi biashara ikadorora, nitaendelea kudaiwa kiasi kilekile?

Mzee wa Chumbageni

Hulipi yote kwa mara moja, mwanangu. Inagawanywa katika awamu 4, ambazo mwisho wake ni Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Kwako itakuwa 37,500 kila awamu. Biashara ikishuka, rudi na daftari uombe makadirio yarekebishwe, na ufanye hivyo kabla awamu inayofuata haijafika, usingoje mwisho wa mwaka. Na ikitokea umetozwa kodi ambayo huikubali, pingamizi huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa ya kodi, huku ukilipa kiasi usichokipinga au theluthi moja ya kodi, kile kilicho kikubwa. Ukishindwa kuiandika barua hiyo, niandikie hapa nikusaidie, bila malipo.