Kredit kadi ya safari au ya keshibeki, ipi inalipa?

Wakuu habari, benki yangu hapa Mwanza wananiambia nichague kadi, moja unakusanya pointi za tiketi za ndege nyingine unarudishiwa asilimia ya unacholipia. Mi Dar naenda kwa ndege mara mojamoja, biashara yangu dagaa nachukulia soko la samaki Mwaloni Kirumba. Nibebe ipi?

> Mwaloni nani anaswaipu kadi mkuu 😂 pale keshi na lipa namba. Keshibeki utaipatia Rock City Mall na sheli

> Na usije ukatoa hela ATM na kredit kadi, kwa kawaida riba inaanza siku hiyohiyo na keshibeki hupati

> Ya safari waachie wanaofuata mzigo Guangzhou China, tena nao waangalie makato ya kubadilisha pesa. We chukua keshibeki kama haina ada ya mwaka, ila deni ulipe lote kila mwezi maana riba itameza hiyo asilimia yote