Niliandika "I was stolen", sasa ofisi nzima inaniita Stolen. Nimechoka na vihusishi vya Kiingereza, yaani hivyo vineno "from", "on", "of" na ndugu zao!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira za wiki tatu, mtanivumilia.

Asubuhi moja nimekaa dirishani kwenye daladala ya Mbagala, simu sikioni, gari limenasa kwenye foleni. Kibaka akapitisha mkono, simu ikaenda. Nimeingia ofisini nimechelewa karibu saa nzima, jasho linanitoka, nikamwandikia bosi barua pepe, nakala kwa mtu wa utumishi: "I am late because I was stolen in the bus."

Bosi wetu ni Mwingereza. Alijibu mstari mmoja tu: pole, nenda polisi kwanza, kazi itakusubiri. Hakucheka. Aliyecheka ni Mswahili mwenzangu wa utumishi. Alipiga picha kioo cha kompyuta yake, akaitupia kwenye grupu la WhatsApp la ofisi na maneno haya: "Jamani mwenzetu ameibwa, aliyemchukua amrudishe." Tangu siku hiyo mimi ni Stolen. "Stolen, chai imeiva." "Stolen, umesaini rejista?" Hadi mlinzi wa getini, ambaye hajui hata maana yake, ananisalimia hivyo.

Sasa hebu mwangalieni huyu mjuaji na utani wake. Yeye kaandika "ameibwa". Mimi kichwani nilikuwa na "nimeibiwa". Hayo maneno yana tofauti gani? Ka-i kamoja tu. Hako ka-i ndiko kanakosema kwamba kilichoondoka ni mali, mtu amebaki. Kwa hiyo utani wake wote ulikuwa umesimama juu ya kitu ambacho Kiswahili kinakimaliza kwa herufi moja, na Kiingereza kinakidai "from" nzima. Bila kujua alinifundisha somo ambalo miaka minne ya sekondari sikulipata!

Maana ndivyo lugha yetu ilivyo. Kihusishi kinakaa tumboni mwa kitenzi. Unahama Mbeya, unahamia Dodoma. Unakimbia nyoka, unakimbilia ndani. Unaomba kazi, mama anakuombea. Mtoto wa chekechea hakosei hapo. Sasa mtu aliyezoea hivyo, akishatamka kitenzi anaamini mzigo wote umeshapakiwa. Mwingereza kwake kihusishi kinatembea kwa miguu yake, nje, na kila kitenzi kimechagua cha kwake. Na ukitaka kichaa, angalia wizi wenyewe: kibaka "steals a phone from me", lakini akitumia "rob" basi "robs me of a phone". Kibaka mmoja, simu moja, vihusishi viwili, na vitu vimebadilishana viti. Halafu wakaniambia na "in the bus" ni kosa, eti kwenye basi ni "on" lakini kwenye teksi ni "in". Hayo tuyaache, nitapasuka.

Shuleni tulifundishwaje? Manila ukutani, orodha imeandikwa kwa maka pen: depend on, consist of, afraid of, accuse of, insist on. Kariri. Jumatatu mtihani wa kujaza nafasi, ukikosa moja fimbo moja. Mimi swali langu lilikuwa kwa nini "depend" iwe "on", na nililipa kwa kupiga magoti. Leo najua kwamba neno hilo limetoka Kilatini na maana yake ya asili ni kuning'inia kutoka mahali. Mfaransa mpaka leo anasema "dépendre de", na hiyo "de" ndiyo "kutoka" yake. Mwingereza akalichukua neno, kihusishi akaweka cha kwake. Basi mwalimu angesema hivyo tu, kwamba mwanangu hapa hakuna mantiki, ni mazoea yao, ningeelewa. Lakini tulipigwa kana kwamba tumekosea hesabu.

Na pale ambapo mantiki ipo, nako hawakutuambia! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila mtu anatucheka Waafrika Mashariki kwa "discuss about", "request for", "emphasize on", "demand for". Ni kweli ni makosa. Lakini mbona "a discussion about" ni sahihi? Na "a request for"? Na "emphasis on", "demand for"? Zote sahihi! Nomino inataka kihusishi, kitenzi chake hakitaki. Sisi hatukuyaokota makosa haya jalalani, tumechukua kihusishi halali cha nomino tukamvika kitenzi. "Contact with" nomino, "contact" kitenzi peke yake. "Lack of" nomino, "lack" kitenzi peke yake. Dakika kumi ubaoni zingetosha. Badala yake nilizijua nikiwa na miaka 34, usiku, nikiwa natafuta kujitetea dhidi ya jina Stolen.

Dada yangu yeye alijaza fomu ya ubalozi akaandika "I am married by" halafu jina la shemeji. Kosa lake ni nini? "Nimeolewa na". Hiyo "na" ndiyo hiyohiyo ya "nimepigwa na", na kwenye "beaten by" alipata vema darasani. Ila "married by" inamfanya shemeji awe padri aliyefungisha ndoa. Inatakiwa "to". Kwa nini "to"? Piga magoti.

Halafu wenyewe hawajakubaliana. Fomu hiyo ya dada, Mwingereza "fills it in", Mmarekani "fills it out", na fomu ni ileile. Wikiendi ya London ni "at", ya Chicago ni "on". Mwingereza akikataa hukumu "appeals against" hukumu, Mmarekani "appeals" hukumu moja kwa moja bila kihusishi. Mmarekani anaruhusiwa kusema "write me". Mimi nikiandika hivyo kwenye mtihani uliotungwa kwa Kiingereza cha Uingereza, nakatwa maksi. Kompyuta ya ofisini nayo imewekwa Kimarekani. Nimtii nani?

Kuna Mwingereza anaitwa A. S. Hornby, alikuwa anafundisha Kiingereza Japani. Aliona wanafunzi wake wanateseka hivihivi, akatengeneza na wenzake kamusi inayoonyesha kila kitenzi kinatembea na nini. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, na mjukuu wake ndiye kamusi ile nene ya Oxford ya wanafunzi mnayoifahamu. Shuleni kwetu tulikuwa nayo. Moja. Ilikaa kwenye kabati la mkuu wa shule na ufunguo alikuwa nao yeye. Tulikuwa tunaiona kupitia kioo tukienda kuchukua fimbo.

Sasa niwape la mwisho lililonifanya nifungue uzi huu. Ijumaa iliyopita imebandikwa memo kwenye ubao pembeni ya chupa ya maji, saini ya yuleyule wa utumishi, muhuri wa kampuni juu yake. Nainukuu kama ilivyo: "All staff shall meet to discuss about annual leave. Those wishing to request for leave should contact with me before Monday."

Matatu! Kwenye mistari miwili! Na hakuna aliyepiga picha, hakuna aliyemtungia jina.

Nilisimama pale na kikombe changu, peni nyekundu iko mfuko wa shati. Korido haina mtu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa 12, na anayeandaa orodha ya watakaoongezewa ni huyohuyo. Memo bado ipo pale mpaka Jumatatu.

Wakuu, nizungushie duara au nipite?