Andalio la kila kipindi au la wiki nzima? (Fasihi, Kidato cha Tatu)

MwalimuUmoja: Walimu, hamjambo? Nina mikondo miwili, vipindi vya dakika 40, na mkuu wa idara anataka andalio la somo la kila kipindi. Naandika usiku hadi kope zinagongana, kisha darasani mambo yanakwenda kwingine. Jana nilitengea mizani, yaani silabi za mshororo wa shairi, dakika 5. Msichana mmoja wa nyuma akagonga dawati mara moja tu kwa neno "mtu". Nikamwambia ni mizani 2: m-tu. Weee! Darasa zima likabisha, kengele ikalia tukiwa bado tunahesabu mizani ya majina yao. Bahari za ushairi, yaani aina za mashairi, hatukuzigusa. Kuna anayepanga wiki nzima kwa mpigo?

MamaChaki: Mimi. Ijumaa nikielekea Rongai, foleni ya Lang'ata Road inanitosha kabisa. Karatasi moja: kurasa za kusoma, maswali matatu, basi. Kipindi kikimwagika, naendelea kesho bila kufuta chochote. Ila mkaguzi akija nina kazi ya kujieleza, maana haina safu za hatua wala muda.

BwDondoo: Mimi huanzia kwenye swali. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ni alama 80: maswali manne ya alama 20, la kwanza la lazima, mengine kila moja na sehemu yake. Kwa hiyo nachagua dondoo moja, yaani maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye tamthilia, na kipindi chote ni hilo: nani anamwambia nani, wapi, kwa nini. Andalio langu ni mistari minne. Kwa riwaya siwashauri kabla wanafunzi hawajamaliza kusoma. Watakariri madondoo na kitabu hawakijui.

Kasarani10: Maandalio ya kununua msiguse! Niliyachapisha kwenye saiba moja mjini, kazi safi, jalada la rangi. Kufungua, vitabu teule, vile vya kutahiniwa, ni vya zamani vilivyokwisha kuondolewa.

MamaChaki: Pole mwalimu 😂 Ungefungia nayo njugu.

MwalimuUmoja: Haya, riwaya na hadithi fupi nitapanga kwa wiki. Tamthilia nitaiba mbinu ya BwDondoo. Ushairi nauacha kwa kila kipindi, maana ndio unaonitoa jasho, na mizani naipa kipindi kizima. MamaChaki, unaweza kuipiga picha hiyo karatasi yako?

MamaChaki: Kesho asubuhi. Ina mafuta ya mandazi pembeni, usinicheke.