Je, aliyepigana vita ndiye akabidhiwe makumbusho ya vita?

Wakuu, hoja hii imetoka kwenye kijiwe chetu cha kahawa, Temeke. Mmoja alisema makumbusho yoyote ya vita yaongozwe na mwanajeshi mstaafu aliyekwenda kusomea historia baada ya kuvua gwanda. Mwingine akadakia: abadani, huyo ni shahidi, na shahidi hakalii kiti cha hakimu.

Mimi nilianza upande wa mstaafu, kwa sababu ya baba yangu mdogo aliyepigana Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Mestini yake ya mwaka 1978, lile bati la kulia jeshini, anayo hadi leo, imebonyea ubavuni, na kwenye kitako ina mistari kumi na saba iliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu. Nyumbani tulidhani ni siku alizokaa mstari wa mbele. Nilipomuuliza, akacheka: ni sigara alizomkopesha mwenzake. Mwenzake amelala Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo, deni halikulipwa. Sasa iweke hiyo mestini kwenye kabati la kioo pale Makumbusho ya Taifa, na kikaratasi: "Chombo cha chakula cha askari, 1978." Si uongo. Lakini umeambiwa nini hapo?

Ila mzee huyohuyo ukimuuliza kuhusu maduka yaliyoporwa Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, ghafla chai haina sukari. Habari za Walibya waliomsaidia Amin atakusimulia hadi adhana ya alfajiri.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nendeni pale Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Mwingereza aliizindua 1927 kukumbuka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani, hadi ilipong'olewa 1916. Maandishi chini yanawakumbuka pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Juu je? Askari peke yake na singe yake. Mpagazi kapata sentensi, hakupata shaba.

Nami naogopa jambo hilohilo. Mstaafu atakayepewa ofisi hatakuwa mgambo aliyetolewa shambani, atakuwa ofisa. Na mama aliyekimbia vita kule Kyaka, Kagera, na watoto mgongoni nani atamwita? Kwa hiyo mstaafu apewe meza humo ndani, tena ya mshahara, siyo ya kuitwa siku ya Mashujaa tu kupigwa picha. Ukurugenzi, hapana.

Leteni hoja.

*Mkazi wa Mbagala:* Mkuu, unamwonea mzee. Msomi naye ana upande wake, tofauti ni kwamba wake ameuficha kwenye tanbihi. Mwanajeshi aliyesoma ana vyote viwili. Halafu kijana wa miaka 20 wa mwaka 1978 leo anakaribia 70. Mkimaliza kubishana juu ya kiti, mtamkalisha nani?

*Mkazi wa Ubungo:* Jeshini unafundishwa kutunza siri mpaka kaburini. Mwanahistoria kazi yake kufukua. Hayo mawili hayakai kichwa kimoja.

*Mleta mada:* Wa Mbagala, hoja ya umri imenigusa, hiyo sina jibu lake. Nimemwambia baba mdogo aitoe mestini. Amekubali kwa sharti moja: kikaratasi aandike mwenyewe. Nikamwambia sawa, ila aandike na ya Kampala. Tangu Jumapili hajanipigia.