Tupeane uzoefu: kugeuza mauntenibaiki yenye shokapu ya mbele iwe ya changarawe na saiklokrosi (mashindano ya kwenye matope na vizuizi)

Sangara29 (mwanzisha uzi)

Habari wadau. Mauntenibaiki za mtumba zenye shokapu ya mbele tu zinapatikana Mwanza bila shida, lakini baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya changarawe ni ya kuitafuta kwa tochi. Uzi huu ni wa waliokwisha kuzigeuza: kipi kinaanza, kipi kinagoma kukaa na kipi. Naanza na tairi, maana hata usipogusa kitu kingine tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Soma ubavuni mwa tairi kuukuu kabla hujaenda dukani. Kuna namba mbili zimeungwa kwa kistari, mfano 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Amini hiyo ya pili, usiamini inchi. Rimu ya 26 ya mauntenibaiki ni 559, ya 27.5 ni 584, na ya 29 ni 622, sawasawa na 700C ya baiskeli za mbio. Tatizo letu ni kwamba tairi zilizojaa madukani ni zile 28 x 1½ za Phoenix, nazo ni 635. Ukiivika rimu ya 29 tairi hilo linapwaya milimita 13, na halitakaa hata ukijaza upepo. Hali kadhalika 26 x 1⅜ za baiskeli za Kijapani zenye kapu: hizo ni 590, hazina uhusiano na 559 yako. Muuzaji akikwambia "26 ni 26 tu", geuza tairi usome mwenyewe.

Upana: kwa rimu ya 29 chukua milimita 40 hadi 45, kwa 26 chukua inchi 1.5 hadi 1.75. Meno mafupi katikati, marefu kidogo pembeni. Upepo kwa mtu wa kilo 75 mwenye tyubu: mbele psi 35 hadi 40, nyuma 40 hadi 45. Vijana wa pampu barabarani wanajaza hadi tairi ligonge kama jiwe, na kwenye rasta za barabara ya vumbi utalipia mikononi. Pima kwa geji.

Gololi

Mkuu umeanza vizuri. Nije kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele; shokapu nayo ni foku), kwa sababu hapa watu wanaharibu baiskeli nzuri kabisa.

Shokapu ya bei nafuu inakaribia kilo 2.5. Foku ngumu ya chuma ni kilo 1 na ushee. Faida ipo, ila usinunue foku kwa macho. Pima shokapu yako ikiwa haijabebeshwa uzito: kuanzia pale ringi ya chini ya beringi za shingo inapokalia, hadi katikati ya ekseli. Ya 29 yenye mchezo (nafasi ya kubonyea) wa milimita 100 huwa kwenye 500 hadi 510. Ya 26 yenye mchezo huo huo ni kama 470. Sasa mtu akipanda, shokapu inazama milimita 20 hadi 25. Hizo zitoe. Kwa hiyo 29 inataka foku ngumu ya 480 hadi 485, na 26 inataka 445 hadi 450.

Ukiweka fupi zaidi, kila milimita 20 inasimamisha shingo ya fremu kwa takriban digrii moja. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na kwenye mteremko wa kokoto gurudumu la mbele linatangatanga. Pedali nazo zinashuka. Kumbuka kwamba tairi la 42 badala ya 54 limeshakushusha milimita 12, na njia zetu zina mawe yanayochungulia. Kranki (mkono wa pedali) ya milimita 175 itagonga. 170 inasaidia kidogo.

Angalia pia bomba la foku linaloingia kwenye shingo ya fremu. La kunyooka ni milimita 28.6 juu hadi chini, na ringi yake ya beringi ni ya 30.0. Lililonenepa chini linataka ringi ya 39.8. Bomba la kunyooka linaweza kuingia kwenye fremu ya shingo nene ukipata ringi ya kupunguzia. Kinyume chake haiwezekani. Hakikisha foku ina mahali pa kufungia kalipa ya diski (kifaa kinachobana diski) kama unatumia diski, maana nyingi za bei rahisi zina vishikizo vya V-breki tu (breki za mikono miwili zinazobana rimu). Bomba likate mwisho kabisa, baada ya kupanga stemu (kiungo kinachoshika usukani) na vipete vyote, na liishie milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa stemu. Ukikata mapema umeua foku.

Kamongo

Gololi naheshimu, lakini si kila mtu atoe shokapu. Anayepita njia za mawe huku Ilemela kila siku, na shokapu yake ina kufuli (ya kuizuia isibonyee) inayofanya kazi, aiache. Abadilishe tairi, akate usukani ubaki milimita 600, aweke pembe ndogo upande wa ndani wa mashikio ili apate mkao wa pili wa mikono. Hapo ana baiskeli ya changarawe kwa gharama ya tairi mbili. Foku ngumu ni ya anayekwenda mbali kwenye moramu iliyoshindiliwa.

Dada Pedeli

Usukani wa kupinda, ule wa baiskeli za mbio, ndio unaomeza pesa. Ushauri wangu ni uwe wa mwisho kwenye orodha, na usianze kabla hujaelewa mambo matatu.

Kwanza unene. Sehemu ya kushika ya usukani wa kupinda ni milimita 23.8, wa kunyooka ni 22.2. Leva za breki na shifta (vibadilisha gia) zako za sasa hazitaingia. Za breki za mafuta hata usijaribu kuzilazimisha.

Pili waya. V-breki inataka leva inayovuta waya mrefu. Leva za kawaida za baiskeli za mbio zinavuta mfupi. Ukizichanganya, leva inafika kwenye usukani kabla rimu haijabanwa sawasawa. Mafundi wanajaribu kuponya kwa kusogeza pedi karibu sana na rimu, kisha rimu ikipinda kidogo tu inaanza kusugua. Dawa ni mbili: leva za kupinda zilizotengenezwa kwa V-breki, au V-breki fupi zenye mikono ya milimita 80 hadi 85. Kwa diski za waya, kalipa iwe ya aina ya baiskeli za mbio.

Tatu urefu. Fremu ya mauntenibaiki ni ndefu, na usukani wa kupinda unapeleka mikono mbele kama milimita 80 zaidi. Stemu ya 90 itoe, weka ya 40 hadi 60. Ukibaki bado umelaza mgongo kupita kiasi, tatizo ni saizi ya fremu na hakuna stemu itakayoliondoa.

Fundi Spoku

Gia. Shifta za mbio za Shimano za gia 8 au 9 zinaelewana na deraila (kifaa kinachohamisha cheni) ya nyuma ya mauntenibaiki ya gia 9 kushuka chini. Deraila za mauntenibaiki za gia 10 hazielewani nazo, mvuto wa waya ni tofauti. Deraila ya mbele ndiyo korofi kabisa, kwa hiyo wengi tunaiondoa na kubaki na cheniringi (gurudumu la meno la mbele) moja.

Cheniringi ya bolti nne: pima kati ya bolti mbili jirani. Ikiwa milimita 73.5 hivi, hiyo ni ya duara la bolti la milimita 104, ambayo vipuri vyake ni rahisi kupata. Chagua yenye meno mapana na membamba kwa kupokezana, vinginevyo cheni itaruka kwenye rasta. Nunua na bolti fupi. Zile ndefu za cheniringi mbili hazikazi. Kwa tairi la 700 x 42 na mizunguko 90 ya pedali kwa dakika, meno 32 mbele na 11 nyuma inakupa kama kilomita 35 kwa saa, 38 na 11 inakupa 41. Nyuma weka kaseti (rundo la gia za nyuma) ya 11-34. Kabla ya kulipia ya 38, shika kwenye kranki uone kama haigusi bomba la fremu la nyuma: fremu za 29 zimepanuka pale, na nyingi zinaishia 34 au 36.

Furu

Kwa saiklokrosi, fremu hizi zinazishinda baiskeli za saiklokrosi zenyewe kwa jambo moja: nafasi ya tairi. Kanuni za UCI (shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli) zinataka tairi lisizidi milimita 33. Tairi hilo ndani ya fremu iliyochongewa 54 linaacha zaidi ya milimita 10 kila upande. Ukiingia udongo mweusi wa mbuga mwezi wa nne, ule unaoganda hadi gurudumu linasimama, utaelewa thamani ya nafasi hiyo. V-breki hapo ndipo zinapokwama kwanza, maana tope linajaa kwenye mikono yake, diski zinapita.

Toa vishikilia chupa kama utabeba baiskeli begani. Vizuizi vya mashindano haviruhusiwi kuzidi sentimita 40, kwa hiyo jizoeze kushuka upande wa kushoto, mbali na cheni.

Sangara29

Nyongeza ya valvu. Rimu nyingi za mauntenibaiki zimetobolewa milimita 8.5, za valvu kama ya gari. Baki nayo: kila banda la bodaboda litakujaza upepo, kuanzia Kisesa hadi Busisi. Valvu nyembamba inataka tundu la 6.5 na kiunganishi mfukoni. Na kwa miba, toa moyo wa valvu, mimina dawa ya pancha mililita 60 kwa kila tyubu, rudisha, zungusha gurudumu.

Fundi Spoku

Na mchanga wa mawe yetu unasaga cheni. Weka rula kwenye pini: inchi 12 lazima ziangukie pini kamili. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni siku hiyo, kabla haijala kaseti.