Naomba ushauri: kuchanganya tiba ya homoni na tiba ya kinga kwa saratani ya tezi dume

Habari zenu wakuu. Baba yangu ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Sindano za kushusha testosteroni zilimtuliza vizuri, lakini sasa PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) inapanda tena ingawa homoni yenyewe bado iko chini kabisa. Daktari ametaja enzalutamide, dawa inayozuia homoni hiyo isiichochee saratani. Ndugu zangu nao wamekomaa aongezewe tiba ya kinga, yaani dawa ya kuamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, iitwayo pembrolizumab, maana wamesikia imewasaidia watu wenye saratani ya ngozi.

Mimi nasita. Nilivyosoma, jaribio la KEYNOTE-641 lililochanganya dawa hizo mbili halikurefusha maisha kuliko enzalutamide peke yake, na madhara makali yaliongezeka. Jaribio la IMbassador250, lililochanganya enzalutamide na atezolizumab, dawa nyingine ya kinga, nalo liligonga mwamba. Wanaonufaika zaidi ni wale wachache ambao uvimbe wao una kasoro ya kurekebisha makosa ya DNA, yaani MSI-H.

Kuna aliyemfanyia mgonjwa wake kipimo cha MSI-H? Walitumia kinyama cha zamani kilichokatwa kwenye uvimbe au walichukua kipya? Na kama daktari alikubali mchanganyiko huu nje ya utafiti, alitoa sababu gani? Wa mitishamba, tafadhali, leo nipisheni kidogo.