Penseli, mkaa au biki kwa picha za sura: ninunue kipi?

Mchoraji_Mbale
Wandugu, hamjambo. Nachora sura za watu, nimejifundisha mwenyewe kwa penseli za HB za shule na karatasi za fotokopi. Sasa nimepata oda ya kulipwa na nataka vifaa vinavyofaa. Ninunue penseli laini, mkaa wa kuchorea, au nibaki na biki ambayo ipo kila duka? Pesa si nyingi.

Kivuli_Kireka
Ndugu, kwa maelezo hayo hatukufikishi popote. Sura ngapi? Ukubwa gani? Zitawekwa kwenye kioo au zitabaki hivyo hivyo? Una picha zilizochapishwa au za WhatsApp? Na "si nyingi" ni shilingi ngapi? Mwenye 20,000 na mwenye 100,000 hawaingii duka moja.

Msanii_Arua
Mimi nasema penseli, hata kabla hajajibu. Na si seti ya penseli 12, kwa sababu zile ngumu za H hutazigusa. Nunua nne tu (B ni laini, na namba ikipanda penseli inazidi kuwa laini na nyeusi): HB ya kuchora umbo kwa mkono mwepesi, 2B ya ngozi, 4B ya kivuli chini ya kidevu na pembeni mwa pua, 8B ya mboni na nywele.

Wanaojifundisha wenyewe wengi hukosea kwa kukandamiza ili wapate weusi. Penseli ikikandamizwa inalala bapa na kung'aa kama bati; ukitazama picha kutoka pembeni, nywele zinageuka fedha. Weusi unatafutwa kwa tabaka: pita mara nne au tano kwa mkono mwepesi, kila mara ukigeuza mwelekeo wa mistari. Na kabla ya kuchora sura yoyote, chora visanduku 7 mfululizo, kuanzia karatasi tupu hadi weusi wa mwisho, kwa penseli moja tu. Asiyeweza kutenganisha visanduku hivyo hawezi kutenganisha shavu na taya.

Mkaa_Jinja
Kaka wa Arua, weusi wa 8B haufiki kwenye weusi wa mkaa hata upite mara ishirini. Nywele zetu na kivuli cha shingo vinataka weusi usiong'aa. Kwa mkaa unapaka uso wote kijivu cha kati kwa kitambaa cha pamba, kisha unautoa mwanga kwa raba: paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Ngozi nyeusi inachorwa kwa mng'ao wake. Ukianza na karatasi nyeupe ukawa unaongeza kivuli kidogo kidogo, unaishia na mtu aliyepauka.

Tena mkaa unaweza kuutengeneza mwenyewe bure.

Biki_Busia
Dada, unamaanisha makaa ya sigiri?

Mkaa_Jinja
Hapana. Makaa ya sigiri ni magumu, yana mchanga, na yanachana karatasi. Fanya hivi. Kata vijiti vya mforsadi unene wa penseli, urefu wa sentimita 10, menya maganda, anika mpaka vikauke kabisa. Vipange wima ndani ya kopo la maziwa ya unga, vibanane mpaka kopo lijae. Toboa kifuniko tundu moja la msumari, weka kopo juu ya moto uliokolea. Litatoa moshi mweupe mzito kwenye tundu. Moshi ukikoma wenyewe, kama baada ya saa moja, epua, ziba tundu kwa udongo, na usifungue mpaka lipoe kabisa. Ukifungua likiwa na moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka, unabaki na majivu. Kijiti kilichoiva kinavunjika kwa mlio mkavu na ndani ni cheusi kote. Kikiwa na hudhurungi katikati hakijaiva, na kitakukwaruzia kazi.

Biki_Busia
Mnamwongezea mtu vumbi la bure. Biki haichafui mkono na haihitaji sprei ya kushikiza unga kwenye karatasi. Ishike mbali na ncha, acha uzito wa kalamu yenyewe uguse karatasi, chora mistari inayokatana. Tabaka la kwanza likikaribia kutoonekana, ndivyo inavyotakiwa. Kila baada ya mistari michache futa ncha kwenye kitambaa, maana wino hujikusanya pale na kudondosha tone zito katikati ya shavu, na tone hilo halifutiki. Kuna faida nyingine kwa anayejifunza: huwezi kufuta, kwa hiyo jicho linalazimika kupima kabla mkono haujaenda.

Kivuli_Kireka
Kwa mazoezi nakubali, ssebo. Kwa kazi ya kuuza ya kutundikwa ukutani, hapana. Wino wa biki ya kawaida hupauka kwenye mwanga, na mteja akiitundika mkabala na dirisha utaitwa tena.

Biki_Busia
Basi aitundike ukuta usiopigwa na jua. Hata karatasi ya mkaa wenu itageuka njano palepale dirishani.

Mchoraji_Mbale
Asanteni, samahani kwa kuficha mambo. Sura tatu, kila moja A3. Mbili ni za wazee walio hai, nina picha zao za WhatsApp. Ya tatu ni ya babu yao marehemu, ipo picha ndogo ya kitambulisho tu. Nina wiki tatu na shilingi 70,000 za Uganda. Fremu atalipa mteja, lakini ameuliza kama tunaweza kulamineti ili kupunguza gharama.

Fremu_Tororo
Usilamineti kazi ya mkaa wala ya penseli nzito. Ile plastiki haishiki vizuri juu ya unga, itabanduka mahali penye weusi, na mashine inausukuma unga kwenye sehemu nyeupe.

Kuna picha ya mkaa niliyoletewa kuifanyia fremu ambayo makosa yake yalifuatana. Ilikuwa A3, mama aliyevaa gomesi, sura imepatikana vizuri sana. Mchoraji aliipulizia sprei ya nywele kwa karibu, kama sentimita 10, mpaka karatasi ikalowa. Matone yakaacha madoa ya duara kwenye shavu, na chaki nyeupe aliyoweka kwenye mabega ya gomesi ikazama, ikawa kijivu. Ikaviringishwa kabla haijakauka, ikafungwa kwa mpira, ikasafiri ndani ya taksi msimu wa mvua. Ilipofunguliwa, weusi wa nywele ulikuwa umejichapa nyuma ya karatasi. Halafu mteja akachagua plastiki ngumu badala ya kioo kwa kuwa ni nyepesi. Plastiki ile ukiifuta kwa kitambaa inapata umeme wa msuguano, nao unavuta unga. Baada ya muda mfupi uso wa yule mama ukaanza kuonekana upande wa ndani wa plastiki.

Kwa hiyo: sprei umbali wa sentimita 30, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Chaki nyeupe iwekwe mwisho kabisa, baada ya sprei. Picha isafiri ikiwa bapa kati ya maboksi mawili, juu yake karatasi laini iliyobandikwa isisogee. Kioo halisi, na kati ya kioo na picha kuwe na ukingo wa kadi unaoacha nafasi ya milimita 3. Kioo kikigusa karatasi, unyevu unaingia katikati na picha inaganda.

Msanii_Arua
Sprei ya nywele yenyewe huleta unjano baadaye. Kwa kazi ya kulipwa tafuta sprei ya wachoraji, hata kopo moja mkichangia watu wawili.

Kuhusu picha: waambie wakutumie kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp inaibana na vivuli vinageuka mabaka. Zichapishe A5 bila rangi. A5 kwenda A3 ni mara mbili kamili, kwa hiyo piga miraba ya sentimita 1 kwenye picha na ya sentimita 2 kwenye karatasi. Mistari ya karatasi iwe ya HB isiyokandamizwa, la sivyo itaonekana ndani ya ngozi hata baada ya kufuta. Ukimaliza umbo, piga picha kwa simu na uigeuze kama kwenye kioo. Jicho lililopanda juu utaliona mara moja.

Mkaa_Jinja
Ya babu usiichore kwa kitambulisho peke yake. Picha ya sentimita 3 ikikuzwa mpaka A3 haina kope wala mikunjo. Utabuni, na watoto wake watajua. Omba nyingine yoyote, hata ya kundi la watu harusini. Na mtazame yule mzee anayefanana naye zaidi.

Kivuli_Kireka
Mnabishana juu ya penseli na mkaa, na karatasi hamjaigusa. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, haistahimili tabaka nne. Manila ya shule hutoa manyoya ukifuta. Ile inayong'aa ya kalenda haishiki kitu. Tafuta isiyong'aa, gramu 200 hivi. Kabla ya kulipa, sugua kona kwa raba mara kumi; ikitoa manyoya, iache. Mtu akienda Kampala, ajaribu Nasser Road kwa wachapaji. Shiti moja ya A1 inakatwa A3 nne: tatu za oda, moja ya majaribio.

Na anaweza kuchanganya, 4B kwa ngozi na mkaa kwa nywele. Ila mkaa utangulie pale panapotakiwa weusi. Mkaa hauketi juu ya penseli iliyokwisha kung'aa, unateleza.

Fremu_Tororo
Kwa hao wazee, kuna aliyewahi kuwafikiria kwenye lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba? Rangi yake ya kahawia tayari ni kijivu cha kati. Unaongeza mkaa kwa kivuli na chaki kwa mwanga. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, na familia nyingi za Buganda zingefurahi.

Mkaa_Jinja
Wazo zuri, lakini lubugo haifutiki. Nyuzi za mutuba zinameza mkaa. Umbo lichorwe kwanza kwenye karatasi, litobolewe kwa sindano kufuata mistari, kisha unga wa mkaa upigwepigwe kwa kitambaa upite kwenye matundu.

Biki_Busia
Na ikitundikwa inalegea. Utaibandika juu ya nini?

Fremu_Tororo
Mbao nyembamba, na gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji.

Biki_Busia
Gundi ya maji itapenya mpaka mbele na kuacha doa. Jaribu kipande kwanza.

Mchoraji_Mbale
Nimepata picha ya babu akiwa amekaa na watu sita, uso wake ni kama sentimita 2 lakini pua na masikio yanaonekana. Vijiti vya mforsadi nimevianika. Ndugu wa Kireka, hao wachapaji wanauza shiti moja moja au mpaka rimu?

Kivuli_Kireka
Inategemea duka. Uliza vipande vinavyobaki wakikata kazi kubwa, na uende na rula, maana vingine vinapungukiwa sentimita moja kufikia A3.